'Grey' au 'Gray'? Maendelezo ya Kiingereza katika Michezo ya Maandishi

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike kidogo juu ya maendelezo ya maneno ya Kiingereza, au tahajia kama wengi waitavyo siku hizi, na hasa juu ya jambo lililowatia ubishi wanachama wa Chama cha Kompyuta muhula huu: kwa nini neno moja huandikwa kwa namna mbili, namna ya Waingereza na namna ya Wamarekani, na kwa nini jambo dogo kama hilo laweza kumzuia mtu asifungue mlango katika mchezo wa kompyuta. Nimekubali kwa furaha. Ni mara chache mwalimu wa Kiingereza huulizwa habari za maendelezo na wanafunzi wenyewe pasipo kusukumwa na mtihani.

Kwanza yafaa nieleze mchezo wenyewe, kwa ajili ya wale ambao hawajauona. Mchezo wa maandishi hauna picha. Kioo cha kompyuta chaonyesha maneno tu: uko mahali fulani, mbele yako pana mlango, chini pana jiwe. Mchezaji naye hujibu kwa maneno, akiandika amri fupi kama 'go north' au 'take lamp', na programu huisoma amri hiyo na kumwambia yaliyotokea. Ni mfano wa hadithi ambayo msikilizaji ndiye aamuaye sungura aelekee wapi. Kwa kuwa kila kitu ni neno, basi kila kitu kinategemea herufi.

Mchezo wa kwanza wa namna hii uliopata sifa ni 'Adventure'. Will Crowther, Mmarekani mtaalamu wa kompyuta aliyependa sana kuingia mapangoni, aliutunga katikati ya miaka ya 1970 akifuata pango la kweli lililo katika jimbo la Kentucky. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford akaupanua. Mwaka huo huo vijana wa chuo cha MIT, huko Massachusetts, walianza kutunga 'Zork', na baadhi ya watu wa chuo hicho wakaunda kampuni ya Infocom mwaka 1979 na kuuza 'Zork I' tangu mwaka 1980. Uingereza nako, mwaka 1978, Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, alianza mchezo ulioitwa MUD, na mwenzake Richard Bartle akaushika baada yake. Tofauti ya MUD na ile mingine ni kwamba watu wengi huingia humo kwa wakati mmoja, wakakutana, wakasemezana, wakapigana. Mwaka 1980 kompyuta ya Essex iliunganishwa na mtandao wa Marekani, na watu wa mbali wakaanza kuingia. Baadaye walizaliwa wadogo zake: AberMUD huko Wales mwaka 1987, TinyMUD huko Pittsburgh na LPMud huko Sweden mwaka 1989, kisha DikuMUD katika Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, miaka ya 1990 na 1991.

Tazameni orodha hiyo ya miji. Watunzi wote hao waliandika Kiingereza, lakini kila mmoja alikuja na Kiingereza alichofundishwa shuleni kwao. Mtu wa Essex huandika 'armour', wa Massachusetts huandika 'armor'. Wale vijana wa Copenhagen wangeweza kufuata upande wowote. Walifuata 'armor', maana mchezo wao uliazima mambo mengi katika 'Dungeons & Dragons', mchezo wa mezani uliochapishwa Marekani mwaka 1974. Kumbe mara nyingi mtu hachagui maendelezo yake kwa kufikiri. Huyapokea pamoja na kitabu alichokipenda.

Sasa, tofauti hizi zilitoka wapi? Wengi wetu twadhani kwamba Waingereza ndio wenye maendelezo ya asili, kisha Wamarekani wakaja kuyaharibu. Historia haisemi hivyo. Katika toleo kubwa la kwanza la tamthilia za Shakespeare, lililochapishwa London mwaka 1623, utakuta 'honor' na 'honour' zote mbili. Zamani hizo mpiga chapa aliendeleza neno kama lilivyomjia. Neno lenyewe ni la Kilatini, na Warumi waliandika 'honor' na 'color' bila 'u'. Hiyo 'u' iliingia kwa njia ya Kifaransa, baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066.

Aliyeigandisha 'u' hiyo hasa ni Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755. Alichagua 'honour' na 'colour', na kamusi yake ikawa hakimu kwa miaka mingi. Lakini alichagua vile vile 'emperour' na 'governour', 'musick' na 'publick', na leo hakuna Mwingereza aandikaye hivyo. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba Waingereza hawakubadili kitu. Walibadili, ila walikoma mahali pengine.

Upande wa Marekani mtu mkubwa ni Noah Webster, aliyezaliwa Connecticut mwaka 1758. Alikuwa mwalimu wa shule, nami nakiri kwamba nampenda kwa sababu hiyo. Mwaka 1783, vita vya uhuru vilipokuwa vikimalizika, alitoa kitabu cha kufundishia watoto kuendeleza maneno, na kitabu hicho kikauzwa kwa mamilioni katika maisha yake na baada yake. Ajabu ni kwamba humo alimfuata Johnson, na 'honour' ina 'u' yake. Miaka sita baadaye alikuwa amegeuka. Katika insha yake ya mwaka 1789 alitaka maneno yaandikwe kwa namna iliyo nyepesi kwa mtoto na kwa mgeni. Alitaja na sababu nyingine mbili ambazo watu hawazikumbuki sana. Ya kwanza, taifa jipya lastahili kuwa na lugha yake. Ya pili ni ya biashara: Wamarekani wakiwa na maendelezo yao, itabidi vitabu vyao vichapwe kwao, wala si London. Hapo mwaona kwamba ile 'u' ilikuwa pia ni jambo la uhuru na la fedha.

Kamusi yake ndogo ilitoka mwaka 1806, na ile kubwa, yenye maneno kama 70,000, mwaka 1828, alipokuwa mzee wa miaka sabini. Humo twaona 'color', 'center', 'defense'. Lakini Webster hakukubaliwa yote aliyoyataka. Alipendekeza pia 'tung' badala ya 'tongue', 'wimmen' badala ya 'women', na 'soop' badala ya 'soup', na wananchi wake wakayakataa. Hata Rais Theodore Roosevelt, mwaka 1906, alipoagiza mpiga chapa wa serikali atumie maendelezo mapya ya maneno 300, bunge lilimpinga, magazeti yakamcheka, na kabla mwaka haujaisha akalegeza agizo lake. Watu wazima hawapendi kufundishwa upya kuandika. Mtu aweza kubadilishiwa pesa na bendera akanyamaza, lakini umguse herufi zake!

Basi turudi kwenye kompyuta, maana huko ndiko nilikotaka kufika.

Msomaji wa kibinadamu akiona 'gray' mahali alipozoea 'grey', labda atakunja uso kidogo, kisha ataendelea kusoma. Programu ya mchezo haikunji uso. Huichukua amri ya mchezaji, huikata mahali penye nafasi, kisha hulitafuta kila neno katika kamusi yake ndogo, herufi kwa herufi. Likiwamo, hufanya kazi. Lisipokuwamo, hujibu kwamba halijui neno hilo. Kwake yeye, 'grey' na 'gray' ni maneno mawili yaliyo mbali sawasawa na 'mbuzi' na 'meza'.

Hata hivyo michezo ya kwanza ilikuwa na jambo la ajabu, na hapa nawaomba mshike kalamu. 'Adventure' ilisoma herufi tano za kwanza tu za kila neno. Kwa nini tano? Kompyuta iliyotumika, PDP-10, ilihifadhi habari katika mafungu ya biti 36, na kila herufi ilihitaji biti 7. Saba mara tano ni 35. Ikabaki biti moja isiyo na kazi. Neno zima la mchezaji lilitoshea katika fungu moja, na kulilinganisha na neno jingine kulikuwa kazi ya mara moja. Kwa sababu hiyo mchezaji aliyeandika 'northeast' alionekana amesema 'north', ndiyo maana aliambiwa aandike 'NE' tu.

Yaangalieni sasa maneno yetu chini ya kisu hicho cha herufi tano. 'Jewellery' ya Mwingereza yakatika ikawa 'jewel', na 'jewelry' ya Mmarekani nayo 'jewel'. Wamepatana! 'Theatre' na 'theater' zote zawa 'theat'. 'Traveller' na 'traveler' zote zawa 'trave'. 'Sceptre' na 'scepter', yaani fimbo ya mfalme, zote zawa 'scept'. Lakini 'armour' yawa 'armou' na 'armor' yabaki 'armor', na hapo ugomvi unabaki palepale. 'Centre' na 'center' nazo hazipatani, maana moja ni 'centr' na nyingine 'cente'.

Infocom walikuja na hesabu nyingine. Walitaka 'Zork' iingie katika kompyuta ndogo za nyumbani, ambazo kumbukumbu yake ilikuwa haba mno, basi wakazipunguza herufi hata kila moja ikatosha katika biti 5. Herufi tatu ni biti 15, nazo huingia katika baiti mbili, yaani biti 16, na hapa tena ikabaki biti moja. Kwa baiti nne walipata herufi sita, na hizo sita ndizo zilizosomwa katika kamusi ya michezo yao ya mwanzo. Haya, kateni tena. 'Traveller' na 'traveler' zote ni 'travel', wangali marafiki. Lakini 'jewell' si 'jewelr', 'theatr' si 'theate', na 'sceptr' si 'scepte'. Katika 'Zork I' imo fimbo ya kifalme, nayo imeandikwa 'sceptre' kama aandikavyo Mwingereza, ingawa watunzi ni Wamarekani. Kwa kuwa herufi sita hazikutosha kuyapatanisha, ilibidi maendelezo yote mawili yatiwe katika kamusi ya mchezo.

Kisha, kuanzia mwaka 1985, baadhi ya michezo ya Infocom ilisoma herufi tisa, maana kompyuta zilikuwa zimepanuka. Hapo hata 'traveller' na 'traveler' zikaachana. Kadiri mashine ilivyozidi kuwa na nafasi, ndivyo ilivyozidi kuwa kali juu ya maendelezo. Ile ya zamani, kwa umaskini wake, iliwasamehe watu wengi pasipo kujua.

Katika michezo ya watu wengi palikuwa na msamaha wa namna nyingine. Ukoo wa DikuMUD hukubali mwanzo wa amri: mtu akiandika 'n', programu hufahamu 'north'. Basi wengine wa ukoo huo wana amri ya kutia rangi maandishi, na mtunzi mmoja ameiita 'color', mwingine 'colour'. Mwingereza akiandika 'colour' mahali pa 'color', hapati kitu, kwa kuwa neno lake si mwanzo wa neno lile. Mmarekani akiandika 'color' mahali pa 'colour', naye hapati kitu, maana herufi ya tano yakosana. Lakini mwenye kuandika 'colo' tu hupata pande zote mbili. Mchezaji mvivu amewashinda wote wawili.

Vitu navyo, katika michezo hiyo, vina majina zaidi ya moja. Mtunzi huandika maelezo ayaonayo mchezaji, kisha kando huandika orodha ya maneno ambayo kitu hicho kitayaitikia. Katika TinyMUD, ambayo kila mchezaji aweza kujenga vyumba vyake, jina la njia laweza kuandikwa 'theatre;theater;t', likitengwa kwa nukta-mkato, na mtu atapita kwa jina lolote katika hayo. Ni kazi ya dakika moja. Lakini ni lazima mtunzi akumbuke kwamba yuko mtu duniani aandikaye vingine kuliko yeye.

Na hilo ndilo lililotokea katika chama chetu. Vijana wanatunga mchezo uitwao Magofu ya Kilwa, nao wanataka uchezwe na wanafunzi wa shule nyingine, na hata wa nchi nyingine kwa njia ya intaneti. Kazi imegawanywa: mmoja aandika habari za msikiti, mwingine za Husuni Kubwa, mwingine za bandari. Kijana wa Kidato cha Tatu ameweka katika chumba chake 'a grey stone', jiwe la rangi ya majivu, ambalo chini yake umefichwa ufunguo. Mwenzake ameandika programu isikiayo amri 'lift gray stone'. Wakampa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aujaribu. Mtoto akasoma 'grey', akaandika 'grey', na mchezo ukamjibu kwamba hakuna kitu kama hicho. Akajaribu mara tatu. Kisha akawaambia wakubwa wake, kwa unyenyekevu, kwamba yeye Kiingereza hakijui, afadhali wamtafute mwingine.

Mtoto yule alikuwa ameandika sawasawa kabisa. Neno alilosoma ndilo aliloandika. Lakini mashine ilipomkana, hakufikiri kwamba huenda mashine ndiyo iliyokosa. Alifikiri amekosa yeye. Nami naona jambo hilo kila juma katika insha. Kompyuta nyingi huja zikiwa zimepangwa zisahihishe kwa Kiingereza cha Marekani. Mwanafunzi huandika 'colour', chini yake ukatokea mstari mwekundu, naye akalibadili kuwa 'color'. Akiendelea huandika 'centre', kwa kalamu safari hii, na insha yake ikawa nusu ya London na nusu ya New York. Mwanafunzi mwema, mwenye kumbukumbu nzuri, hufundishwa na mstari huo asiamini alichokijua. Mstari mwekundu hausemi kwamba umekosa. Wasema tu kwamba neno lako halimo katika orodha yangu.

Basi niwape machache ya kukumbuka darasani. Shule zetu zimerithi maendelezo ya Uingereza. Kwa hiyo katika insha zenu andikeni 'colour', 'centre', 'defence', 'travelled'. Lakini jihadharini, maana Waingereza wenyewe huiangusha ile 'u' mahali pengine: ni 'humour' lakini 'humorous', ni 'labour' lakini 'laborious', ingawa tena ni 'honourable' na 'colourful'. Juu ya 'l' mbili, Mwingereza huandika 'travelled' na Mmarekani 'traveled', kwa kuwa Mmarekani huongeza herufi pale tu mkazo wa sauti unapoangukia mwisho wa neno, kama 'controlled', ambalo wote huandika sawa. Kisha, kama kutuchezea, katika 'skilful', 'fulfil' na 'enrol' Mwingereza ndiye mwenye 'l' chache! Hapo sina sheria ya kuwapa ila kukariri.

Wengi huniambia kwamba 'organize' ni ya Kimarekani. Si kweli. Kamusi kubwa ya Oxford yenyewe huandika '-ize' katika maneno ya namna hiyo, kwa sababu mwisho huo watoka katika Kigiriki. '-ise' nayo yatumika sana Uingereza, wala si kosa. Lililo kosa ni kuchanganya zote mbili katika ukurasa mmoja. Na yako maneno ambayo hayakubali '-ize' kwa Mwingereza wala kwa Mmarekani: 'exercise', 'surprise', 'advise'. Halafu neno 'program': likiwa ni la kompyuta, hata Mwingereza huliandika hivyo, likiwa ni la sherehe au la redio, huandika 'programme'.

Watengenezaji wa kompyuta wenyewe hawakupatana. Kompyuta ya BBC, iliyotengenezwa Cambridge mwaka 1981, iliamriwa kwa neno 'COLOUR'. Ile ya IBM ya mwaka huo huo, kwa 'COLOR'. Sinclair, Mwingereza mwingine, katika mashine yake ya mwaka 1982 aliukwepa ugomvi kwa werevu: alitumia 'INK' na 'PAPER', wino na karatasi. Leo mwenye kutengeneza kurasa za intaneti hana budi kuandika 'color', awe ni mtu wa Leeds au wa Lindi, lakini akitaka jina la rangi ya majivu aweza kuandika 'gray' au 'grey', zote hukubaliwa. Na Graham Nelson, Mwingereza aliyetunga lugha ya kutungia michezo ya maandishi iitwayo Inform 7, iliyotoka mwaka 2006, aliweka humo nafasi ya mtunzi kuchagua Kiingereza cha Marekani. Akichagua hivyo, hesabu ya 117, ikiandikwa kwa maneno, hupoteza 'and' yake: kutoka 'one hundred and seventeen' hadi 'one hundred seventeen'.

Kuna na hatari iliyo kubwa kuliko ya herufi, nayo ni neno moja lenye maana mbili. 'Torch' kwa Mmarekani ni mwenge uwakao moto. Kwa Mwingereza ni tochi yetu hii ya betri, ambayo sisi tuliipata kwake. Mchezo ukikuambia una 'torch' na mbele yako pana kamba ya kuchoma, utafanyaje? Na 'first floor' ni hatari zaidi. Kwa Mmarekani ni pale chini, usawa wa barabara. Kwa Mwingereza, na kwetu pia tusemapo ghorofa ya kwanza, ni baada ya kupanda ngazi. Mchezaji aweza kupotea ndani ya jumba zima bila kosa la herufi hata moja.

Wala tusiwacheke. Kiswahili nacho kina mambo yake. Katika vitabu vyetu twaandika 'habari' na 'heri', lakini katika tenzi za Mvita utakuta 'khabari' na 'kheri', na mtu wa Mombasa wa asili husema 'mato' tunaposema 'macho', na 'ndia' tunaposema 'njia'. Wajumbe waliokutana Mombasa mwaka 1928 walichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabuni. Uchaguzi huo umetufaa sana shuleni, lakini haukumfanya mtu wa Mvita kuwa mjinga. Vijana wa chama wamenidokeza kwamba mwakani watautoa mchezo wa Kilwa kwa Kiswahili. Nimewauliza kama jahazi lao litamsikia mtu asemaye 'ndia'. Wameandika swali hilo ukutani.

Kwa mchezo wa Kiingereza walionao sasa, tumepatana hivi baada ya mabishano marefu. Maneno yote ambayo mchezo wenyewe humwonyesha mchezaji yataandikwa kwa maendelezo ya Uingereza, kwa kuwa ndiyo tunayosomea, na ukurasa wenye namna mbili huchukiza. Lakini maneno ambayo mchezo huyasikia kutoka kwa mchezaji yatakuwa ya namna zote mbili, kila neno, bila kumrekebisha mtu wala kumwonya. Kijana mmoja alitaka mchezo ujibu 'gray' kwa kumfundisha mchezaji kwamba Kiingereza safi ni 'grey'. Nimelikataa shauri hilo. Mgeni akibisha hodi, hufunguliwa kwanza.

Orodha ya maneno haijaisha, na hapa nahitaji msaada wa wasomaji. Chukueni maneno haya: 'harbour', 'neighbour', 'plough', 'counsellor', 'dialogue', 'mould', 'enrolment', 'sulphur' na 'pyjamas'. Andikeni kando ya kila moja namna ya Kimarekani. Kisha yakateni yote kwa herufi tano, halafu sita, halafu tisa, mkaone yepi hupatana na wapi huachana. Mawili katika hayo huishia kwa '-our', lakini hayaachani mahali pamoja. Atakayenieleza kwa nini, kwa kuhesabu wala si kwa kukisia, nitajua ameelewa. Majibu yaletwe katika chumba cha walimu kabla ya Ijumaa ya mwisho ya muhula. Na yule mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza amekwisha kuleta ya kwake: maneno kumi na manne aliyoyatafuta mwenyewe katika kamusi, ambayo sisi wote tulikuwa hatujayatia katika mchezo.